Onja Kwanza, Ndiyo Upakale

Enzi zetu lori lilipakwa mafuta kama mtoto mchanga. Wenzangu mliokua wakati ule mnajua ninachosema. Ninyi wengine, mliozaliwa magari yakiwa tayari kwenye simu, kaeni mnisikilize. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na bado watu wenye vyeti wananiletea pikapu zao hapa Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, niwaambie zinaumwa nini. Wananiita Mama Shasi. Jina hilo sikupewa na mwalimu. Nimelipata kwa mgongo wangu, kwa kulala chali chini ya magari tangu nikiwa na meno ya utoto.

Kuna jambo moja linalowafanya watu wa Nakivale wanicheke. Kabla sijapaka gari lolote mafuta upande wa chini, nachovya kidole kwenye debe, naonja. Wengine wanasema ni dawa ya Kikongo. Wengine wanasema bibi ana njaa. Sijawahi kujibu. Leo nitajibu, lakini lazima nianzie Nyamitanga.

Tuliishi Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi ukitoka Mbarara mjini. Baba na mama walitoka upande wa Uvira, Kongo, wakati wa fujo, mimi nikiwa nimefungwa mgongoni. Walifika bila sufuria. Aliyewapa mahali pa kulala ni mchinjaji mmoja, Mnyankole, mwenye chumba nyuma ya bucha yake, mpaka tulipopata nyumba yetu juu kilimani. Kila mtu alimwita Mzee Kisu, na jina lake la ubatizo silijui mpaka leo. Kiswahili chake alikiokota kwa askari, basi kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha. Hata akikukaribisha chakula ungedhani anakukamata. "Wewe! Kaa hapa! Kula!"

Yeye na baba walipendana kwa namna ya wanaume wa zamani, yaani kwa kutukanana. Baba alimwita "mukubwa wa mifupa." Yeye alimwita baba "Mukongo ya oili." Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu na kigoda chake mwenyewe, akakiweka kando ya lori la baba, akanywa bushera ya mama, ule uji mwepesi wa mtama, akatazama kazi. Hakushika kitu. Alitazama tu na kulaumu.

Sasa niwaambie habari ya lori. Baba alilikuta likiwa mzoga, kuku wanataga ndani ya kiti cha dereva. Alilifufua kipande kwa kipande, peke yake, bila kitabu. Mimi nimerithi kichwa chake, sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli. Lori hilo ndilo lililotulisha. Lilibeba ng'ombe kutoka kwa wafugaji kwenda mjini, na likirudi lilibeba chumvi ya ziwa Katwe ili ng'ombe waliobaki kwa wafugaji walambe. Na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Ng'ombe hana adabu ndani ya gari. Mkojo wake unapita katikati ya mbao za sakafu, unadondokea shasi, ule uti wa mgongo wa gari. Chumvi nayo inamwagika, inajipenyeza kwenye pembe ambazo jicho halifiki. Mkojo wa ng'ombe na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Vinakula chuma kimyakimya kama mchwa anavyokula nguzo. Juu unaona rangi ya buluu inang'aa, chini umebaki na biskuti.

Basi wiki yetu ilikuwa na sheria. Jumamosi lori linaoshwa. Tulilipeleka karibu na Rwizi, tukachota maji kwa ndoo kati ya mafunjo, watoto wa Nyamitanga wote nyuma yetu, maana kuosha lori ilikuwa sherehe. Siku hizi wanakataza kuoshea magari mtoni, na ni haki, mto wenyewe umekonda. Lakini wakati ule nani alijua? Tulirushiana maji, tulikoroga tope jekundu hadi magotini, tukateleza kilimani juu ya vigogo vya migomba mpaka nguo zikapasuka makalioni. Nyumbani mama alituchapa kwanza kwa sababu ya nguo, kisha akatupa sombe na bukari, yaani kisamvu na ugali. Chakula baada ya fimbo kina ladha ambayo watoto wa leo, wanaobembelezwa kwa soda, hawataijua.

Jumapili lori linakauka juani mpaka misa iishe. Baada ya misa, linapakwa. Sisi wa upande wa Kivu tunasema kupakala. Baba alikuwa na maneno yake, aliyasema kila Jumapili kama sala:

"Gari ni mutoto. Unamuosha, unamukausha, kisha unamupakala. Ukimupakala na maji ndani, umefungia mwizi mu nyumba na weye unalinda mulango inje."

Dawa yenyewe ilikuwa hivi. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, nta kidogo ya nyuki, na mafuta ya ng'ombe kutoka bucha ya Mzee Kisu, yale meupe magumu. Unayeyusha mafuta ndani ya debe juu ya mafiga matatu, unachuja, unachanganya, unapaka ikiwa vuguvugu. Oili inaingia kwenye nyufa, mafuta na nta vinaishika isidondoke. Hupaki breki. Hupaki bomba la moshi, labda kama unataka kuchoma nyama. Harufu yake! Nikiisikia leo hii nakuwa na miaka tisa papo hapo. Mbwa wote wa Nyamitanga walilifuata lori letu Jumatatu asubuhi kama waumini wanaomfuata askofu.

Na mimi nilikuwa mfanyakazi mkuu, nikubalieni hilo. Nilikuwa mwembamba kama fagio. Baba mabega yake yaliishia kwenye tangi, mimi nilipita. Nililala chali juu ya gunia, kitambaa kimefungwa kwenye kijiti, mafuta yananidondokea shingoni, na sauti ya baba inatoka nje:

"Fasi ya juu! Fasi yenye mukono yangu haifiki! Huko ndiko mwizi analala!"

Halafu Mzee Kisu kwenye kigoda chake: "Wewe Mukongo, naweka mutoto chini ya gari kama panya."

"Ni fundi huyo, hapana panya."

"Panya ya fundi."

Nilicheka huko chini mpaka nikameza mafuta. Katika maisha yangu sijawahi kukaa kwenye kiti kilichonipa heshima kama gunia lile.

Sasa dhambi yangu. Jumapili moja kabla ya mvua kubwa, mama aliniacha niyeyushe mafuta. Wasichana wa jirani walikuwa wanacheza kwepena uwanjani, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mpira wa maganda ya migomba ulipopita karibu na masikio yangu niliusikia unaniita jina. Nikasema nitacheza zamu moja. Zamu moja ya mtoto mnaijua. Niliporudi debe lilikuwa limepinduka motoni, moto umesimama urefu wa mtu, na nyusi yangu ya kushoto ilibaki hapo hapo. Haijaota sawasawa mpaka leo, nitazameni mkipita.

Nilikuwa namwogopa baba kuliko moto. Nikaingia jikoni. Mama alikuwa na chungu chake cha mafuta ya ng'ombe, ya kupikia, kutoka bucha ile ile, meupe yale yale. Nikayachukua yote. Nikayachanganya na oili, yakawa meusi kama mengine, nikabeba kijiti changu nikaingia chini. Siku hiyo nilipaka vizuri kuliko siku zote. Mwenye kosa huwa na bidii sana. Baba alinisifu mbele ya Mzee Kisu.

Mama alipouliza mafuta yake, nikasema paka wa jirani ameyalamba. Mama akamfukuza yule paka kwa mwiko mpaka ng'ambo ya uzio. Kwa hiyo siku ile nilipaka viwili: lori nililipaka mafuta, na paka nikampaka matope.

Kitu nisichokijua, kwa utoto na upumbavu, ni kwamba mama alitia chumvi katika chungu chake. Nyingi. Ndivyo wanawake wa kwetu walivyofanya ili mafuta yasichache. Kila mke wa Kivu anajua, na mimi nilikuwa bado sijawa mke wa mtu. Nilichukua chumvi ambayo baba alipigana nayo kila Jumamosi, nikaipaka kwa mkono wangu, fasi ya juu kabisa, huko anakolala mwizi.

Mvua ikaja, ikapita. Siku moja baba akalala chini ya lori na spana akaanza kugonga shasi, kama alivyofanya kila baada ya masika. Alinifundisha kusikiliza: chuma kizima kinaimba, chuma kigonjwa kinakohoa. Nilikuwa nimekaa karibu. Ting. Ting. Ting. Halafu, kwenye boriti ya nyuma ya tangi: tup.

Akagonga tena. Tup. Akakwangua kwa msumari, ukadondoka unga mwekundu kama pilipili. Akachukua mafuta meusi ya pale kwa ncha ya kidole, akayaweka kwenye ulimi. Sijui ni nini kilimwambia aonje. Akatema.

"Chumvi," akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Alikwenda bucha na uso wake mweusi wa oili, na mimi nyuma yake. Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa.

"Kisu! Unanipa mafuta ya chumvi? Unataka kamyo yangu ikufe?"

Mzee Kisu akasimama na panga hewani. "Mimi? Chumvi? Chumvi ya mimi iko kwa mudomo ya ng'ombe, hapana kwa gari ya wewe!"

"Nimeonja na ulimi yangu!"

"Basi ulimi yako iko mugonjwa!"

Watu wakacheka. Hapo ndipo kitu kikavunjika. Wale wawili walitukanana miaka yote, lakini siku ile hakuna aliyekuwa anatania. Baba akasema, "Mimi na weye, basi." Akageuka. Mzee Kisu akapiga panga juu ya gogo, akamhudumia mteja anayefuata. Nilimwona anakata vibaya, na yule mtu hakuwahi kukata vibaya.

Jumapili ile kigoda hakikuja. Mama alipika bushera kama kawaida, ikakaa, ikachacha, tukaimwaga. Jumapili ya pili Mzee Kisu alipita barabarani akirudi kutoka misa, ameelekeza uso upande wa pili kama mtu anayetazama ng'ombe wake kilimani, na kule kilimani hakukuwa na ng'ombe. Baba aliinamisha kichwa ndani ya injini ambayo haikuwa na tatizo lolote. Hakuna aliyetukana mtu. Mtu aliyetupa paa tulipofika bila sufuria tulikuwa tumemwita mwongo mbele ya wateja wake. Na mimi nilijua. Mimi na paka.

Jumapili ya tatu baba aliamua kupaka kwa oili tupu, bila mafuta, kwa sababu bucha nyingine ilikuwa mbali na roho yake ilikuwa nzito. Oili tupu haishiki. Nikawa chini na kijiti changu, nikipaka inadondoka, inaniingia machoni. Kutoka pale nilikuwa naona miguu ya baba tu, na viatu vyake vya tairi. Karibu na miguu hiyo palikuwa na alama nne kwenye udongo, pale kigoda kilipokaa miaka yote.

Nikasema, "Papa."

"Nini? Imekwisha?"

"Papa, ni mimi. Mafuta ya Mzee Kisu nilimwaga kwa moto. Nilitwaa ya mama."

Viatu havikusogea. Nilihesabu matone matatu ya oili usoni mwangu.

"Yenye kuwa mu chungu?"

"Ndiyo, Papa."

"Na paka?"

"Paka hakukula."

Kutoka jikoni sauti ya mama: "Yesu! Na nilimupiga!"

Nilikuwa tayari kuishi chini ya lori maisha yangu yote. Baba akainama, uso wake ukaja chini upande wangu, ukiwa umegeuka juu chini. "Toka," akasema. "Usinawe. Tunaenda vile uko."

Hakunipiga. Alinishika mkono mweusi kama nilivyokuwa, nyusi moja, nguo inanuka, tukashuka hadi bucha. Mzee Kisu hakufungua Jumapili, lakini alikuwa amekaa mlangoni na kigoda chake. Alikuwa amekaa juu yake peke yake, anatazama barabara. Baba akanisukuma mbele.

"Sema."

Nikasema yote, kwa Kiswahili na Kinyankole na kwa machozi. Mpira, moto, chungu, paka. Mzee Kisu alisikiliza bila kupepesa macho. Nilipomaliza akaingia ndani, akatoka na kipande cha mafuta meupe kwenye ncha ya kisu.

"Wewe. Onja."

Nikaonja.

"Chumvi iko?"

"Hapana, Mzee."

"Hapana iko?"

"Hapana iko!"

"Sema kwa barabara."

Nikageukia barabara. Watu walikuwa wanarudi na rozari zao mikononi. Nikapiga kelele kwa pumzi yote: "Mafuta ya Mzee Kisu hayana chumvi!" Masista wawili wakasimama wakatazamana. Mzee mmoja akavua kofia, sijui alidhani ni tangazo la nini.

Halafu nikasikia kitu nyuma yangu. Baba alikuwa anataka kusema neno na neno halitoki, maana mwanaume wa Kivu kuomba msamaha ni sawa na kuzaa. Mwishowe akasema, "Kisu. Ulimi yangu haikuwa mugonjwa. Ni kichwa."

"Mimi najua tangu zamani," akasema Mzee Kisu. "Mukongo ya oili." Akainua kigoda chake, akakitia kwapani, akatangulia kupanda kilima kuelekea kwetu. Njiani akanigeukia, akanionyesha kidole: "Wewe, panya ya fundi. Mafuta ya mimi utaonja mpaka ukuwe muzee."

Lakini msidhani niliponea hapo. Jumamosi nne nilikaa chini ya lori na brashi ya waya, nakwangua kila nilichopaka, mpaka chuma kikawa cheupe na vidole vyangu vikawa vyekundu. Boriti iliyooza baba aliikata akachomelea nyingine. Kisha maji, kisha jua, kisha mafuta. Na kila mara kabla ya kuchovya kijiti, sauti mbili, moja nje na moja kwenye kigoda: "Onja!" Lori lile lilibeba ng'ombe mpaka mimi nikawa wa kuolewa. Lilikufa kwa injini. Shasi yake ilikuwa bado inaimba.

Baba alipochoka tulihamia huku Nakivale, tukapewa ardhi kati ya watu wa kwetu. Niliolewa Kashojwa, kijiji cha humu humu, na Mrundi mmoja mpole, mkulima wa mahindi, ambaye hajui hata kufungua boneti, na tumeelewana vizuri kwa sababu hiyo. Shimo langu la magari nililichimba kwa jembe lake. Sikuomba mradi wa mtu. Waliokuja kutufundisha ujasiriamali waliniuliza mpango wangu wa biashara, nikawaonyesha shimo.

Juzi alikuja kijana muuza samaki, pikapu yake imetoka kupuliziwa rangi nyeusi chini, huko mjini Mbarara. Inang'aa kama kiatu cha askari. Juu ya kioo ameandika jina la Mungu. Anasema, "Mama Shasi, nimeleta uione tu. Hii ndiyo ya kisasa, haihitaji mafuta yako ya mishikaki."

Nikachukua spana. Ting. Ting. Tup.

Akasema, "Hiyo sauti ni ya kawaida."

"Ni ya kawaida kwa maiti," nikamwambia. Nikakwangua rangi kwa ukucha, likatoka gamba zima, na nyuma yake tope bado bichi. Wamepaka juu ya maji ya samaki. Ni kama mtu asiyeoga anayejipulizia marashi. Kijana akashika kichwa. Pikapu hiyo ndiyo mke wake na shamba lake. Nikamwambia asilie, mwizi tumemkuta angali sebuleni. Tumeiosha, imekauka juani siku mbili, naye amekwangua mwenyewe kwa brashi, amevua shati la kupigia picha.

Sisemi enzi zetu zilikuwa za asali. Tulikuwa na viroboto, tulikuwa na fimbo, na mimi darasa la nne nililiona dirishani. Sina deni na maisha, nimeshiba. Lakini siku hizi mtu akikosana na rafiki anamfuta kwenye simu kwa kidole kimoja, na imekwisha, hakuna alama inayobaki kwenye udongo. Kila kitu kinapuliziwa juu kikang'aa. Sisi tulikwangua kwanza.

Leo mchana, mafuta yalipoyeyuka, nikachovya kidole. Kijana akacheka. "Mama, unapika ama unatengeneza gari?"

Niliweka kidole kwenye ulimi, nikangoja kidogo, kama ninavyongoja siku zote, mpaka nisikie kigoda kikiwekwa chini kando yangu.

Chumvi hapana iko, Mzee.

Nikatandika gunia, nikaingia.